Faili la Silantoi

Oldonyo Sambu
3 Juni 2025

Sinyati mwanangu,

Takwenya. Hapa tu wazima, ila baridi inatukomesha. Asubuhi mbuzi hawataki kutoka zizini na mimi siwalaumu.

Nakuandikia mwenyewe, kwa vidole vyote kumi, kama nilivyofundishwa kupiga taipu chuo cha ualimu zamani macho yangu yakiwa mazima. Kuandika kwangu si kazi. Kazi ni kupakua.

Bariki, yule kijana aliyekuwa akiirekodi kwaya yenu ya mjini, amenitumia kiungo. Anasema nyimbo zote alizorekodi ameziweka kwenye ghala lake la mtandaoni, na ghala hilo linafungwa tarehe 30 mwezi huu. Baada ya hapo kila kitu kinafutwa. Ndani yake umo wimbo wangu wa mavuno, ule Silantoi aliouimba peke yake mwaka ule kabla hajaanza kuugua. Unakumbuka mchungaji alikuwa amekataza simu ibadani, kwa hiyo zaidi ya Bariki hakuna aliyerekodi. Simu ya Silantoi mwenyewe ilipotelea hospitali siku tuliyokwenda kumchukua. Sauti ya mwanangu iliyobaki duniani ni hiyo moja. Wenzangu waliozika watoto wana picha ukutani. Mimi picha ya nini.

Kiungo nimekifungua. Yule bwana anayenisomea kompyuta, ile sauti ya programu, ambaye Kiswahili anakisema kama mtalii aliyeshuka juzi, anasoma majina ya nyimbo vizuri tu. Tukifika pa kupakua anasema "kitufe". Nashuka, "kitufe". Nashuka tena, "kitufe". Hasemi kitufe cha nini. Nilibonyeza kimoja kikanipeleka kwenye tangazo la magodoro.

Nakuomba jambo moja. Usije kunifanyia. Nifundishe kwa barua, hatua kwa hatua, nibonyeze mwenyewe. Mara ya mwisho ulipokuja ulinipakulia tenzi na mahubiri, nikakushukuru, ukaondoka, na mpaka leo sijui umeviweka wapi.

Mwalimu wako,
Lemburis


Sekei, Arusha
6 Juni 2025

Mwalimu, shikamoo.

Nimefurahi sana kupata barua yako. Hata sisi huku mjini tunatetemeka, nimevaa sweta mbili na bado nasikia baridi.

Mwalimu wangu, usijitese na hayo mavitufe. Huo ukurasa unawasumbua hata watu wenye macho, sembuse wewe. Nitakuja mwenyewe Jumamosi ya tarehe 21, nikudaunlodie, dakika tano kazi imekwisha, kisha tunywe chai tumsikilize pamoja. Mimi pia nina hamu naye. Kuna siku nachukua simu nataka kumpigia ndipo nakumbuka.

Zile tenzi hazijapotea. Ukiwasha kompyuta angalia juu upande wa kulia, kuna folda ya kijani. Nilizipanga vizuri kabisa kwa namba, 001, 002, mpaka mwisho, zisichanganyike.

Msalimie mama.

Binti yako,
Sinyati


Oldonyo Sambu
8 Juni 2025

Sinyati,

Nimeangalia juu upande wa kulia. Nimeona giza lile lile lililoko chini upande wa kushoto.

Nikueleze kitu ambacho hujawahi kuniuliza. Mimi natafuta faili kwa herufi. Nikibonyeza M, bwana wangu ananirusha kwenye majina yanayoanza na M. Wewe umeyaanzisha yote kwa sifuri. Sasa nikitaka utenzi wa asubuhi nafungua moja baada ya jingine kama mtu anayeonja chumvi kwenye vyungu vya watu. Najua ulifanya kwa nia njema. Hata mtu akinihamishia kiti hapa sebuleni anafanya kwa nia njema, lakini goti linaloumia ni langu.

Wimbo huu ukipatikana jina lake lianze na Silantoi. Nibonyeze S, nimkute.

Ila narudia, nifundishe. Ulipokuwa msichana mdogo ukilia kwa sababu nota zimekushinda, sikukuimbia ili uige. Nilikuacha usome mpaka ukaweza, na mpaka leo unasoma nota kuliko wachungaji wote wa jimbo hili. Na wewe nifanyie hivyo hivyo. Ukurasa unao, vitufe unaviona, niambie cha kupakua ni cha ngapi kutoka juu. Basi.

Nakuomba wewe kwa sababu ulikuwa rafiki yake tangu darasa la kwanza. Mmelala kitanda kimoja hapa kwangu. Mtu mwingine sitaki aguse kitu hiki.

Lemburis


Sekei
20 Juni 2025

Mwalimu, shikamoo.

Nisamehe naandika mbio mbio. Kesho sitaweza kuja. Msimu wa wageni umeanza, ofisini kwetu magari yote yako porini na bosi amefuta likizo za kila mtu, hata Jumapili tunafanya kazi.

Lakini huo wimbo hesabu umeshapatikana. Kiungo ninacho. Nitaudaunlodi hapa hapa ofisini niuweke kwenye flashi, nikuletee nikipata nafasi. Nimesoma yale ya vitufe, ila kukuelekeza kwa maandishi ni kukuchosha bure. Wewe kaa utulie. Na tafadhali usibonyezebonyeze, usije ukafuta kitu.

Binti yako,
Sinyati


Sekei
4 Julai 2025

Kaka Gidion,

Najua huko mgodini simu mnaziacha getini, ndiyo maana naandika imeli uisome ukiwa ofisini.

Nimefanya kitu kibaya. Unamkumbuka Mwalimu Lemburis, baba yake Silantoi. Aliniomba nimdaunlodie wimbo wa Silantoi kabla ya tarehe 30 Juni. Nilisahau, Gidion. Sina neno jingine. Tarehe 30 nilishinda uwanja wa ndege nikipokea wageni, nikarudi nikalala. Kesho yake nikafungua kiungo, kimefungwa. Nikampigia Bariki, amehamia Dodoma, na kompyuta yake aliifuta akaiuza. Nimeuliza kwaya nzima mmoja mmoja. Hakuna aliye nao.

Mwalimu anapiga simu. Hanilaumu, anauliza tu, "Umempata?" Hasemi umeupata, anasema umempata. Jana nikamwambia ndiyo, ninao. Limenitoka hivyo hivyo.

Sasa sikiliza. Unakumbuka watu walivyokuwa wakitufananisha sauti mimi na Silantoi. Mama yake akipokea simu alikuwa anauliza ni yupi kati yetu. Wimbo wote naujua. Wewe kabla ya mgodi ulikuwa studio, unajua kufanya sauti isikike kama iko kanisani. Naomba unisaidie.

Mdogo wako,
Sinyati


Geita
7 Julai 2025

Sinyati,

Nimesoma barua yako mara mbili nikidhani umelewa.

Mwambie ukweli. Panda gari nenda Oldonyo Sambu, kaa mbele yake, sema nimesahau. Atakutukana kwa Kimaasai na Kiswahili na kile Kiingereza chake cha zamani, mama atalia, halafu mtapewa maziwa mnywe. Watu wanasahau. Haikufanyi kuwa muuaji.

Na hata kama si dhambi, hutaweza. Yule mzee alimtoa mtu kwaya kwa sababu ya namna anavyokohoa. Unataka kumwimbia wimbo aliotunga mwenyewe, umwambie ni mtoto wake?

Kaka yako,
Gidion


Sekei
13 Julai 2025

Kaka,

Wewe hujaisikia sauti yake kwenye simu. Amemwambia mama anunue spika mpya. Ameshawaambia wazee wa kanisa. Nikimwambia leo kwamba wimbo haupo na niliusahau mimi, nitakuwa nimemzika Silantoi mara ya pili mbele yake. Siwezi, sithubutu hata kulifikiria.

Nimerekodi nyumbani, nimeziba dirisha kwa blanketi. Nimekuambatishia. Nilijaribu kuuimba vizuri kabisa, kwa heshima yake. Nilikuwa nalia lakini haisikiki. Naomba uweke mwangwi wa kanisa, watu wanaokohoa, mtoto analia kidogo, na ule mlio wa spika mbovu za pale kwetu.

Hana macho, Gidion. Ana giza tu na siku za kukaa. Kumpa furaha yake ya uzeeni kuna ubaya gani? Nani anaumia?

Sinyati


Geita
17 Julai 2025

Sinyati,

Nimeweka vyote. Mtoto anayelia ni wangu. Nimefanya kwa sababu wewe ni mdogo wangu na sijui kukunyima, si kwa sababu nakubali.

Umeimba vizuri mno. Nilikuwa nasikiliza huku nywele zimenisimama, na sikupenda.

Usiniandikie tena habari hii.

Gidion


Sekei
27 Julai 2025

Kaka, najua ulisema nisikuandikie, lakini hili lazima ulijue.

Nimetoka kwa Mwalimu leo. Nimempelekea. Nilimwekea kwenye kompyuta yake, jina linaanza na Silantoi kama alivyotaka, nikauwasha. Alikaa wima, mikono kwenye magoti. Mstari wa kwanza alitabasamu. Halafu akaanza kulia, machozi yanatiririka tu bila sauti, nikamshika mkono. Wimbo ukaisha. Akasema, "Asante mwanangu, nenda usije ukachelewa gari."

Tumefanya jambo jema, Gidion. Usijilaumu na mimi sijilaumu. Leo nitalala.

Sinyati


Oldonyo Sambu
30 Julai 2025

Sinyati,

Nakushukuru kwa safari yako ya Jumapili. Faili naliona, nikibonyeza S linakuja.

Nimekuwa nikilisikiliza. Ningependa unieleze siku ile ya mavuno ilivyokuwa. Nilikuwepo, lakini mimi nilisikia tu, wewe uliona. Niambie alisimama wapi, alivaa nini, alikuwaje alipomaliza. Niambie pia ulivyolipata faili, maana na mimi nataka kujifunza.

Na kama kuna jambo jingine lolote unalotaka kuniambia, niambie. Mimi sina haraka, na sitakula mtu.

Lemburis


Sekei
2 Agosti 2025

Mwalimu, shikamoo.

Umenifurahisha sana kuniuliza. Siku ile siisahau. Alisimama mbele kidogo ya kwaya, karibu na mahindi na maboga waliyoleta washarika. Alivaa sare yetu ya kwaya, ile ya bluu yenye ukosi mweupe, ilimpendeza kupita sisi wote. Yule mtoto unayemsikia akilia katikati, Silantoi alimtupia jicho akatabasamu lakini hakukosea hata kidogo. Alipomaliza alikutafuta wewe kwa macho, Mwalimu. Alitaka kujua kama umefurahi.

Kulidaunlodi hakukuwa na kazi, ni kubonyeza tu na kusubiri. Nilifanya ule ule mwezi wa sita, sema nafasi ya kuja ndiyo ilikosekana.

Jingine sina. Nafurahi tu kwamba umempata.

Binti yako,
Sinyati


Kimandolu, Arusha
21 Agosti 2025

Mwalimu Lemburis, shikamoo.

Ni mimi Zamda, mwalimu wako wa kompyuta. Natumaini umefika nyumbani salama baada ya wiki zako mbili hapa kwa dada yako. Darasa limepoa bila wewe. Mwanafunzi mwenzako Sefu anasema hakuna tena wa kugombana na kompyuta kwa sauti.

Nakuandikia yale uliyosema unasahau. Ukiwa kwenye ukurasa usishuke mstari kwa mstari kama unachuma kunde. Herufi K inakurusha kiungo hadi kiungo, herufi B kitufe hadi kitufe. Kitufe kisichosema jina lake, sikiliza kilichosomwa kabla yake na baada yake, mara nyingi jirani yake ndiye anayekitaja. Ukishapakua, shika Kontroli ubonyeze J, orodha ya ulivyopakua inafunguka. Kitu usichokijua jina usikiache na jina lake la kuzaliwa. Kipe jina lako wewe, papo hapo, kabla hujasikiliza. Mimi sijawahi kuona tangu nizaliwe, na faili langu halijawahi kupotea isipokuwa pale mwenye macho aliponipangia.

Sasa lile la pili. Ulinipa kiungo cha zile nyimbo za kwaya tufanyie mazoezi, ukasema unataka ulipakue tena faili moja kwa mkono wako mwenyewe. Nimekifungua leo kwa utulivu. Ghala limefungwa tangu tarehe 30 Juni, mafaili yameondolewa. Orodha ya majina tu ndiyo imebaki, na mbele ya kila jina wameandika limepakuliwa mara ngapi. Wimbo wa mavuno upo kwenye orodha. Nimeusikiliza mara tatu nisije nikakudanganya. Unasema sifuri.

Labda mashine yao imekosea kuhesabu. Lakini wewe unalo, kwa hiyo haidhuru.

Wako,
Zamda


Oldonyo Sambu
1 Septemba 2025

Sinyati,

Siku uliyoniletea wimbo ulikaa kwenye kigoda karibu na mlango, nilikisikia kikilia. Ukauwasha. Mstari wa kwanza nilifurahi, nakiri. Kisha ukafika kwenye "tumepokea", ukapita moja kwa moja mpaka mwisho wa mstari, ukavuta pumzi pale palipo na alama, kimya kimya, kwa tumbo, mabega yametulia. Vizuri kabisa. Hivyo ndivyo nilivyokufundisha, na hivyo ndivyo ulivyofanya maisha yako yote.

Silantoi hakufanya hivyo hata siku moja. Yeye alivuta pumzi katikati ya neno lile lile, kwa kishindo, kama mtu aliyetoka kukimbiza ndama. Nilimgombeza tangu hajaota meno ya pili. Nilimtishia kumtoa kwaya. Siku ile ya mavuno akafanya tena, mbele ya mkuu wa jimbo, na watu wa nyuma wakacheka. Hiyo pumzi ndiyo niliyokuwa naitafuta. Wimbo niliutunga mimi, ninao kichwani, ungenifaa nini? Nilitaka pale anapokosea.

Nililia, ndiyo. Ukanishika mkono ukidhani ni furaha.

Nikajiambia, masikio yangu yamezeeka, nimpe nafasi. Nikakuandikia nikuulize. Nilikufungulia mlango, nikakuambia sitakula mtu. Ukaniletea sare ya bluu yenye ukosi mweupe. Silantoi siku ile alivaa gauni la mama yake, maana sare yake ilikuwa haijakauka. Lina vifungo kumi na viwili mgongoni na nilivifunga mimi asubuhi ile, yeye akilalamika kwamba vidole vyangu ni vya baridi. Ulikuwa umesahau, au hukuwahi kuangalia. Nyinyi wenye macho mnaangalia kidogo sana.

Kwamba ulisahau kupakua hainiumi sana. Ungekuja ukasema nimesahau, ningefoka, ungelia, tungekunywa chai. Kinachoniuma ni kwamba ulikaa chini na akili zako timamu, ukafikiri, ukasema huyu haoni, kwa hiyo hata masikio hana, hata mtoto wake hamjui. Na ulipata msaidizi, maana kile kikohozi hukukipika peke yako.

Mwezi wa sita nilikuomba unifundishe. Zamda amenifundisha kwa alasiri moja. Alasiri moja, Sinyati.

Lemburis


Sekei
4 Septemba 2025

Mwalimu, shikamoo.

Sijui nianzie wapi. Yote uliyosema ni kweli. Nilisahau, nikaogopa, nikadanganya, nikadanganya tena. Mtu aliyenisaidia alinikataza, usimlaumu, jina lake niache nibaki nalo mwenyewe.

Lakini na mimi niseme. Ulijua tangu mstari wa pili ukaniacha nikushike mkono. Ukaniandikia barua ya mtego, ukaniacha nijieleze kama mjinga mwezi mzima. Mwanafunzi wako ungemfanyia hivyo darasani? Ungemchapa mkono akajua kosa lake, yakaisha.

Na mimi nilimpoteza, Mwalimu. Hakuna aliyekuja kunipa pole mimi. Pole zilikuja kwako na kwa mama, mimi nilipika chai msibani. Nilipokuwa naimba mle chumbani nilimwona, nilihisi yuko nami. Sikuwa nakucheka. Nilitaka mtu mmoja duniani ampate, hata kama si mimi.

Uliniomba nikufundishe, nikaona ni haraka zaidi nikufanyie. Kila mtu anakufanyia hivyo, na wengine hata hawaji. Mimi angalau nilikuwa nakuja.

Naomba nije. Nitapiga magoti mbele yako na mbele ya mama. Na lile faili nitalifuta kwa mkono wangu, lisikutese.

Sinyati


Oldonyo Sambu
28 Septemba 2025

Sinyati,

Usije kwanza. Mama hajui na sitaki ajue. Yeye alikuwa akiusikiliza kila akirudi kanisani, akisema mwanangu alikuwa na sauti. Masikio yake ni ya kawaida, namshukuru Mungu kwa hilo.

Ulichosema kuhusu mtego ni kweli. Nilikutega. Nilikuwa nataka unaswe, kisha nikakasirika uliponaswa. Na ni kweli kwamba wewe ulikuwa unakuja. Nimeyapima yote mawili na sijaona yanapunguza nini.

Kufuta sikuhitaji mkono wako. Nimefundishwa. Jumatatu mama alipokwenda mnadani nilikaa kwenye kompyuta, nikabonyeza S, nikalikuta, nikabonyeza kufuta. Bwana wangu akaniuliza kama nina uhakika. Nikajiambia, kabla sijamjibu, nimsikilize mwanangu kwanza, yule wangu wa kichwani, nihakikishe ninamwacha akiwa salama.

Nikatulia nikamtafuta. Akaja, akaanza kuimba. Alipofika kwenye "tumepokea" akapita moja kwa moja mpaka mwisho wa mstari, akavuta pumzi pale palipo na alama, kimya kimya, kwa tumbo.

Nikamrudisha mwanzo. Akafanya vile vile. Nimemrudisha jana, nimemrudisha leo asubuhi. Nilikisikiliza hicho chako mara nyingi mno mwezi wa saba na wa nane, nikilitafuta kosa, na sasa kimemkalia juu. Najua kwamba alikuwa anakosea, naweza kukueleza wapi na vipi, ninaweza hata kuigiza kwa mdomo wangu. Kumsikia simsikii. Mwezi wa sita nilikuwa sina faili lolote, lakini yeye nilikuwa naye.

Faili nimelifuta, mama nimemwambia kompyuta imeharibika. Haikusaidia kitu. Bado anaimba vizuri.

Lemburis